Mguu mpana na joto la kaskazi
Joto la kaskazi likipamba moto, mishipa ya damu hutanuka, maji hutuama miguuni, na kiatu kilichokutosha asubuhi hukubana adhuhuri. Kwa hiyo mwenye mguu mpana asiende kwenye mitumba ya Malindi mapema. Aende alasiri, na akijaribu asimame. Muuzaji atakwambia, “Kitaachia hicho, mamangu.” Ngozi huachia kidogo, plastiki haiachii, inautokosa mguu tu. Wengi huongeza namba, kisha kisigino kinapwaya na vidole bado vinalia. Mimi naona heri fundi wa makubadhi: unakanyaga karatasi, anachora unyayo kwa kalamu, anakata ngozi kwa upana wako. Viatu vya kufunika tuwaachie watu wa Limuru, wenye baridi yao na kiwanda cha Bata.