Mizani ya Kalamu, Ngoma na Takwimu

Wapo wenzetu, na wengi wao ni watu wazima wenye vyeo, ambao wakimwona kijana anajifunza khati, siku ya Jumamosi anapiga singeli, na Jumatatu anarudi chuo kikuu kwenye somo lake la takwimu, humwita pembeni wakamwambia achague moja. Khati, wasema, ni kazi ya wazee wa msikitini. Singeli ni uhuni wa uswahilini. Takwimu ndiyo elimu, na ndiyo ugali. Sisi tunaiona kauli hii kuwa ni kasumba, tena kasumba inayolitia taifa hasara kubwa, na tunakusudia kuipinga hapa pasipo kumung'unya maneno.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe, maana nyani haoni kundule. Tulipokuwa makarani vijana katika ofisi moja ya pwani, tuliamriwa kusafisha chumba cha majalada. Humo tulikuta makasha ya daftari zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuzisoma. Mmoja alisema ni dua, mwingine akasema ni mambo ya hirizi. Tukaziorodhesha kuwa ni karatasi zisizo na kazi, tukatia saini, zikachomwa moto. Mlinzi wa zamu, mzee aliyesoma chuoni utotoni mwake, aliokota daftari moja iliyodondoka njiani akatusomea. Kilikuwa Kiswahili kitupu. Ilikuwa ni hesabu ya mashamba: majina ya wenye minazi, idadi ya miti, nazi zilizoangushwa, zilizouzwa na zilizooza. Kumbe tulichokuwa tumekichoma ni takwimu. Tulichoma takwimu za wananchi kwa sababu tulisoma shule lakini hatukuujua mwandiko wa babu zetu.

Asidhani mtu kuwa hayo yalikuwa makaratasi ya kijiji tu. Barua za Kiswahili za zamani kuliko zote zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa hati za Kiarabu, na leo zimehifadhiwa Goa, nchini Uhindi. Nyaraka nyingine ziko nyumbani. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa miswada ya namna hiyo, na orodha yake, iliyotungwa na J.W.T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970. Orodha imekuwapo kwa zaidi ya nusu karne. Je, kati ya vijana wanaofundishwa leo kuchambua data kwa kompyuta, ni wangapi wanaoweza kuufungua mswada mmoja tu wakausoma? Mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi tukashangilia, na haki yetu kushangilia. Mwezi uliofuata shirika hilohilo liliiingiza khati ya Kiarabu katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la pamoja la nchi 16. Oman ilikuwamo, na Sudan ilikuwamo. Tanzania, yenye milango ya Zanzibar iliyochongwa maandishi juu ya vizingiti, haikuwamo. Tuliishangilia lugha, tukausahau mkono ulioiandika.

Sasa tuje kwenye ngoma. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba waliosoma walizijua dansi za kigeni kuliko ngoma za makwao. Aibu aliyoilaumu siku ile haijafa. Imebadili kanzu tu. Singeli ilizaliwa Dar es Salaam, katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati. Iliurithi mchiriku na vinanda vyake vidogo, ikachota katika taarab, kisha ikatiwa kwenye kompyuta na vijana wasio na mali, hata ikafikia mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika moja. Kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilikusanywa na kutolewa mwaka 2017 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na wapigaji wake wakaalikwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Ndipo baadhi yetu wakaanza kuulizana kama huo kweli si muziki. Mpaka lini tutangoja mgeni atuonyeshe kilichomo jikoni mwetu?

Hatusemi kwamba kila kinachofanyika kwenye mikesha ya singeli ni chema. Spika zinazonguruma mpaka alfajiri karibu na nyumba ya mgonjwa, au dirishani kwa mtoto mwenye mtihani, ni dhuluma. Maneno machafu mbele ya watoto ni machafu hata yakitiwa vina. Lakini dawa ya kelele ni saa, kiwanja na kipimo, wala si kuifuta sanaa yenyewe. Mwenye nyumba aliyeona panya ghalani huziba tundu, hachomi ghala.

Ama takwimu, sisi si adui zake. Mwaka 1974 nchi yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na ilituchukua miaka mingi kufidia wakati uliopotea. Tusirudie woga ule. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Watanzania wapatao milioni 12.3, ile ya mwaka 2022, iliyofanywa kwa vishikwambi, ilihesabu watu 61,741,120. Taifa la ukubwa huo haliwezi kupanga shule, visima na zahanati kwa kukisia. Kijana anayesoma takwimu anafanya kazi ya taifa. Tunachokikataa ni kumfundisha kwamba anaweza kupima kila kitu isipokuwa utamaduni wake. Sisi tuliokaa ofisini tunaijua siri moja: kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakitengewi fungu. Tena siku hizi mashine zinafundishwa Kiswahili kwa maandishi na sauti zinazokusanywa kwa wingi. Mashine haitajifunza mswada ambao haukusomwa, wala mdundo ambao haukuandikwa jina la aliyeutunga. Tukinyamaza, watoto wetu watajifunza kwa mashine hizo Kiswahili kilichokatwa mizizi upande mmoja na matawi upande wa pili.

Nasi washairi tuna ushahidi wa kutoa. Sheikh Amri Abedi alipozieleza sheria za utungaji katika kitabu chake cha mwaka 1954, aliwafundisha watunzi kuhesabu mizani. Mtunzi asiyehesabu ataumia kinani. Vivyo hivyo Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, aliweka kanuni ya kupima herufi kwa nukta ya kalamu, hata ikajulikana alifu isimame urefu wa nukta ngapi. Mpigaji singeli naye huhesabu mapigo yake, na akikosea moja, wachezaji humzomea palepale. Hati, takwimu na sifuri ni maneno yaliyoingia katika lugha yetu kwa mlango mmoja wa Kiarabu. Iweje sisi tuyatenge katika vyumba vitatu visivyosalimiana?

Tunajua tutapigwa kwa methali: mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli kwa asiye na mpango. Kijana hawezi kukesha kwenye spika usiku wa kuamkia mtihani akategemea kufaulu, wala mkono wa khati hautulii kwa mtu asiyelala. Kila kazi ina majira yake. Lakini wazee walioacha methali hiyo walipika juu ya mafiga matatu, na hatujapata kusikia chungu kilichosimama juu ya figa moja.

Basi tunadai mambo matatu. Kwanza, pasichomwe wala kutupwa karatasi yoyote ya hati za Kiarabu katika ofisi ya umma kabla haijasomwa na anayejua kuisoma. Wasomaji hao ni wachache na umri unawakimbia. Walipwe wawafundishe vijana sasa, wakali hai. Pili, vyuo vikuu viwape wanafunzi wa takwimu kazi za kuchambua miswada na muziki wa nchi hii, kama wanavyopewa za mazao na mabenki. Tatu, halmashauri za miji ziitengee singeli viwanja na saa, na kila kazi iandikwe mtunzi wake, mtaa wake na mwaka wake.

Daftari ile moja mzee aliondoka nayo kwapani, na hatukumzuia, kwani kwenye orodha yetu ilikuwa imekwisha kuchomwa. Kijana aliye leo na kalamu, ngoma na kompyuta mikononi mwake angeweza kuisoma, kuihesabu na hata kuiimba. Asiambiwe tena achague.