Mbele ya kumwita mutu mwizi, tupime muzuri

Biro yetu ya sindika hapa Kolwezi ilinunua ordinatere tatu za okazyo, zile za kubeba mu mukono. Ni makuta ya michango: mutu anatoka kazi ya usiku, macho mekundu, anatoa franka yake. Mwenye kuuza alituambia zote tatu ni sawasawa, prosesa moja, nguvu moja, bei moja. Kiisha juma mbili kontabule wetu akaanza kulalamika: ya kwanza inatumika muzuri, ya pili inachoka saa ya mchana, ya tatu inachoka toka asubui. Tukaita mukutano. Kuko wenye walitaka tuandike mukanda siku ile ile, na neno "mwizi" ndani.

Mimi nilikataa. Wenzangu wawili mpaka leo wanasema niko mwoga. Basi, niachieni nafasi nieleze.

Mimi si informatisye. Nilimaliza masomo ya sekondari, kiisha nikaingia mu mine. Lakini nimeona watu wengi wanapoteza haki yao kwa sababu walileta kipimo kibaya. Wachimbaji wanajua: unapeleka mufuko wa mawe kwa mununuzi, ile mashine ya kupima teneur inaonyesha namba moja, chota jiwe ingine mu mufuko ule ule, namba ingine. Je, mawe ilikuwa na maji ao ilikuwa kavu? Walichota juu ya mufuko ao chini? Mashine walirekebisha lini? Bila majibu, ile namba ni kelele tu, na anayebebwa nayo ni yule mwenye nguvu zaidi.

Kijana mmoja wa mtaa, anasoma informatiki, akatuambia kuko programu ya bure, UnixBench, ya kupima nguvu ya mashine yenye kutumia Linux. Ni ya zamani: ilianza mwaka 1983 ku université ya Monash, kule Australia, kiisha gazeti Byte la Marekani likaiendeleza. Inapatia mashine kazi za namna nyingi, hesabu, kunakili fishye, kufungua na kufunga programu, halafu inatoa namba. Ile namba inalinganishwa na mashine moja ya Sun, SPARCstation 20-61, wenyewe wanaiita "George", yenye walipatia 10. Ukipata 600, unamupita mzee George mara 60.

Shida ni kwamba haiji tayari kama mukate. Inakuja mandiko tupu, na mashine inapashwa kuyageuza kwanza yakuwe kitu inaweza kutumikisha. Njo kukompila. Tulimwita mwenye kuuza akuje kutazama na macho yake, na siku nzima ikapita pale.

Kwanza tulijaribu kuifungulia ndani ya kle USB. Mashine ikajibu: hakuna ruhusa. Mwenye kuuza akacheka: "Munaona? Mashine iko muzuri, programu yenu njo mubovu." Mwenzetu mmoja akarudisha: "Apana, mashine yako njo mubovu, inaogopa kupimwa!" Wote wawili walikosea. Kle ilikuwa ya mtindo wa FAT, na mara nyingi Linux hairuhusu programu za namna ile zitembee kutoka ndani yake. Tulinakili kila kitu ku disiki ya mashine, ile neno ikaisha.

Kiisha gcc haikuwa, make haikuwa. Fedora, tuliyokuwa nayo, haiweki vyombo vya kukompila mbele uviombe. Tukanunua mega. Tukaanza tena, ekra ikajaa makosa kama ukurasa mzima. Mimi nilikuwa nasoma ile ya mwisho. Kijana akapandisha mpaka juu: "Papa, soma ya kwanza. Hizi zingine ni watoto wake." Ya kwanza ilisema fishye za OpenGL, za mambo ya picha, hazipatikane. Hatukununua mashine za kucheza video. Akafungua fishye inayoitwa Makefile, akaweka alama # mbele ya mustari wa GRAPHIC_TESTS, tukapita. Halafu Perl ikalalamika inakosa Time::HiRes, kitu cha kupima wakati kwa vipande vidogo vya segonde. Na kweli, nani anaweza kupima mbio bila saa? Tukaongeza na ile.

Sasa sikieni hii. Ili tusipoteze mega, tulinakili dosye yote kutoka mashine ya kwanza, ikiwa imekwisha kukompilwa, tukaiweka ku ya tatu. Ikakufa palepale: amri isiyokubalika. Watu wakapiga makelele. Kijana akasema pole pole: programu ilikompilwa kufuatana na prosesa ya mashine ya kwanza, kama prosesa ya tatu ni ya zamani zaidi, kuko amri zenye haijue. Ile kosa ilikuwa inatuambia kitu, lakini ilikuwa haijatosha kumuhukumu mutu. Tukafuta na make clean, tukakompila upya juu ya kila mashine, kila moja na yake.

Mashine ya pili, jaribio la kwanza, ilitoa karibu nusu ya ile ya kwanza. Kama tungeandika mukanda ile saa, tungesema mashine mbili ni za uongo. Lakini kontabule alikuwa anasikiliza muziki ndani, na ilikuwa inatumia batri, courant ilikuwa imekatika. Tulipoifungua, ventilatere ilikuwa imejaa vumbi yetu nyekundu ya Kolwezi. Prosesa ikipata moto sana inapunguza mbio yenyewe, isiungue. Tukasafisha, tukangoja courant, tukafunga kila kitu, tukapima mara tatu: ikafika karibu sawa na ya kwanza. Vumbi haikuuzwa na yule mufanyabiashara. Ni ya kwetu.

Ya tatu, vilevile mara tatu, ilibaki chini ya nusu. Tukaandika lscpu: prosesa ya zamani, na viini viwili tu pahali pa vine. Mwenye kuuza alitazama ekra, akanyamaza. Kiisha akasema yeye pia alinunua macho imefungwa. Akachukua mashine yake, akatuletea ingine, tukaipima mbele yake.

Kama mukanda ungetangulia, angetuonyesha ile ya pili, safi, yenye mbio, na tungepoteza hata haki yetu ya ile ya tatu.

Sasa naingia mu jambo yenye inaniuma. Kodi ya kazi ya 2002 inalazimisha mwajiri kumupatia mutumishi hesabu iliyoandikwa kila mara anapomulipa. Muzuri. Lakini prime ya produksyo, saa za nyongeza, tani za kamyo, tukiuliza wanatujibu: sisteme imesema. Sisteme imesema katika hali gani? Mu mazungumzo ya mukataba wa pamoja, mimi naomba tudai kitu kimoja: badje na mizani ya kamyo vipimwe mbele ya madelege, mara tatu, na hali ya kipimo iandikwe pembeni ya namba. Wenye kusema ile ni kupoteza wakati, na makuta ya mega, wahesabu kwanza tikiti za kwenda tribinali na kurudi mikono mitupu.

Na sisi pia tusidanganyane. Ile namba ya mwisho ya UnixBench ni wastani tu. Kwa kazi ya kontabule mustari wa kunakili fishye unatusaidia kuliko wastani wote. Nimebandika karatasi zote ku ukuta wa biro, hata zile mbaya za jaribio la kwanza, na tarehe na maneno "batri, muziki, vumbi".

Jumamosi kijana atafundisha wenye wanataka. Mulete kle USB, na burosi ya kutosha vumbi.