Talut, Lenana na Kilemba cha Ukoka

Kisa cha Talut twakijua tangu chuoni. Wana wa Israili walimwendea Nabii wao wakataka mfalme wa kuwaongoza vitani. Walipotajiwa Talut wakaguna: hana mali huyu, ufalme ataupataje? Wakajibiwa kuwa Mwenyezi Mungu ndiye aliyemteua, akamzidishia elimu na nguvu za mwili. Qurani yasimulia alivyowajaribu askari wake mtoni, na Daud alivyomuua Jalut. Vitabu vya Mayahudi na Wakristo, ambavyo humwita Sauli, vyaendelea hadi anguko lake: alikiuka amri, akamwonea Daud kijicho, mwisho akafa na wanawe watatu katika mlima wa Gilboa.

Lakini hata alipoanguka, hapakuwa na shaka ni nani aliyemtawaza. Katika Bonde la Ufa mambo yalikuwa mengine.

Nchi ya Naivasha, Elmenteita na Nakuru ilikuwa malisho ya Wamasai. Laibon wao mkuu, Mbatian, alifariki kiasi cha mwaka 1890, na wanawe wawili, Lenana na Sendeyo, wakagombea nafasi yake. Wakati huohuo sotoka iliwamaliza ng'ombe na ndui ikawamaliza watu. Katika dhiki hiyo Lenana aliwaegemea Waingereza, nao wakamvika cheo ambacho Wamasai hawakuwa nacho: chifu mkuu wa Wamasai wote.

Laibon alikuwa mtu wa dua, kafara na utabiri. Hakuwa mfalme, wala malisho hayakuwa yake ayagawe. Hata hivyo, Agosti 1904, Lenana na wakuu wenzake walitia alama zao katika mkataba wa kulihama Bonde. Baadhi waende Laikipia, wengine kusini mwa reli, kwa ahadi kuwa huko pangekuwa pao maadamu kabila lao lipo duniani.

Ahadi hiyo haikutimiza miaka saba. Lenana alifariki Machi 1911, na watawala wakasema wasia wake ulikuwa kwamba watu wa Laikipia nao wahamie kusini. Aprili mwaka huohuo mkataba wa pili ukatiwa alama, mwanawe Segi akiwa miongoni mwa waliotia.

Mwaka 1913 Wamasai walikwenda mahakamani. Wakajibiwa kuwa mkataba ule ni wa dola na dola, hivyo mahakama haina uwezo nao. Tazama hila hiyo, ndugu msomaji! Walipotakiwa kuhama waliamrishwa kama raia. Walipodai haki yao wakageuzwa dola ya kigeni. Ufalme waliobuniwa na wageni ndio uliowafungia mlango.

Wako wasemao Lenana aliuza nchi. Mimi siafiki. Mtu hauzi kisicho chake, na mwenye njaa nyumbani hana nguvu ya kupatana bei. Makosa yake ni kukubali kilemba cha ukoka. Talut aliangushwa na yule aliyempa ufalme. Lenana alikufa angali na cheo chake; walioanguka ni watu wake.

Sisi wa pwani tusiwacheke. Mwaka 1895 Waingereza walimchagua wao mtawala wa Takaungu, vikazuka vita vya Mbaruk bin Rashid wa Gazi. Mwaka huohuo ukanda wetu wa maili kumi ulitiwa mkononi mwa Waingereza kwa mkataba wa Sultani, na mwenye shamba hakuulizwa.

Leo jina la Lenana liko katika kilele cha Mlima Kenya na katika shule jijini Nairobi. Malisho ya Nakuru hayakurudi. Basi akija mtu na karatasi ya ardhi, akasema wazee wenu wameshakubali, tumwulize kwanza: wazee hao, nani aliyewavika kilemba?