Ulevi na Usukani

Katika Marekani kila jimbo hujitungia sheria yake ya barabarani, na ile ya kumzuia mlevi asiendeshe gari imebadilika mara nyingi. Mwaka 1939 jimbo la Indiana liliweka kipimo: dereva mwenye gramu 0.15 za kileo katika mililita 100 za damu alihesabiwa kuwa amelewa. Baadaye majimbo mengi yalikishusha hadi 0.10. Mwaka 2000 Serikali Kuu ikaamua kuwa jimbo litakaloikataa 0.08 litapunguziwa fedha za barabara, na ilipofika mwisho wa mwaka 2005 majimbo yote 50 yalikuwa yameikubali. Utah halikutosheka. Tangu tarehe 30 Desemba 2018 kipimo chake ni 0.05; na katika mwaka 2019 ajali zenye vifo jimboni humo, kwa kulinganisha na mwendo wa magari, zilipungua karibu asilimia 20 kuliko mwaka 2016.

Basi kila walipopima tena, waliona kuwa kile walichokiita kidogo hakikuwa kidogo. Sisi dini yetu haikutuwekea kiasi. Imetukataza ulevi wote.

Lakini asijivune mtu akasema, "Mimi sinywi, sheria hii hainihusu." Colorado na Washington, yaliyohalalisha bangi mwaka 2012, yaliweka pia kipimo cha bangi katika damu ya dereva. Dawa ya mafua iletayo usingizi yaweza kumtia dereva hatiani, hata kama ameandikiwa na daktari. Na katika New Jersey, tangu mwaka 2003, dereva aliyeua mtu baada ya kukesha zaidi ya saa 24 aweza kushtakiwa kuwa ameua kwa kutojali maisha ya watu. Kinachotakiwa, basi, ni akili timamu, wala si kuepuka chupa peke yake.

Enyi wazazi, kabla ya kumpa kijana ufunguo wa gari, mwulizeni: Umelala? Umemeza dawa gani? Nanyi vijana, mwenzenu akiwa amekunywa, msipande gari lake, hata akiwacheka. Pigeni simu nyumbani. Na baba atakayeamshwa usiku wa manane na aende kumchukua mwanawe bila ya ukali; maneno yangoje asubuhi. Kijana anayeogopa kugombezwa ndiye atakayepanda gari la mlevi, na roho ikitoka hairudishwi kwa faini wala kwa kifungo.