Sufuria ya Babu



 Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, niliombwa niandike juu ya adabu za kula. Nawaomba radhi wahariri. Adabu mnafundishwa darasani na walimu wanaonishinda elimu. Mimi nitaandika juu ya sufuria.

Baba yangu mzazi alihamia kwetu hapa Tanga baada ya kukatwa vidole viwili vya mguu wa kulia. Maradhi ya sukari alikuwa nayo miaka mingi, na dawa alikuwa anakunywa siku anayokumbuka. Kliniki tulielezwa vyakula vinavyomfaa: ugali wa dona kwa kiasi, maharage, mboga za majani, samaki, apunguze sukari, chumvi na mafuta. Nikafanya kama wafanyavyo wengi wetu. Nikanunua sufuria ndogo, ikaitwa sufuria ya Babu. Humo nikampikia dona na mchicha wa chukuchuku. Katika sufuria kubwa nikaendelea na sembe nyeupe na mchuzi wa viungo vya pakiti, na siku nikichoka, watoto walinunuliwa chipsi.

Haikupita wiki, mwanangu mdogo akaitazama sahani ya babu yake akauliza, "Mama, Babu amekosa nini?" Baba akacheka. Mimi sikucheka, maana siku hiyo hiyo niligundua kuwa Babu anamtuma mjukuu wake huyo kwa jirani kumnunulia maandazi kwa siri.

Ndipo nilipoona kosa langu. Chakula cha mgonjwa kikipikwa peke yake kinakuwa kama adhabu, na adhabu kila mtu huikimbia. Isitoshe, maradhi ya sukari huandama koo. Mimi ni mtoto wa Babu, na wanangu ni wajukuu zake. Kama dona na mchicha vinamfaa yeye aliyekwishapoteza vidole, sisi ambao bado tuna vidole vyetu vyote tunangoja nini? Nikaiondoa sufuria ndogo. Tukawa na chungu kimoja.

Tuelezane kwanza ubaya wa ule weupe tunaoupenda. Mahindi yakikobolewa huondolewa ganda na kiini. Katika ganda ndimo mna nyuzinyuzi zinazofanya chakula kiingie mwilini polepole, na katika kiini mna mafuta mazuri na vitamini. Kinachobaki kwa wingi ni wanga. Pumba anachukua mwenye kuku! Kuku wanakula nguvu, sisi tunakula weupe, kisha tunalipia mashine mara mbili, ya kukoboa na ya kusaga.

Na kuku hao hao ndio waliowahi kumfundisha binadamu. Katika miaka ya 1890 huko Batavia, mji unaoitwa Jakarta leo, daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa wali wa mchele uliokobolewa wakilegea miguu hata kusimama hawawezi. Walipolishwa mchele wenye ganda lake la ndani wakapona. Kutokana na hayo ikaja kujulikana kuwa maradhi ya beriberi, yaliyoua watu wengi kule, yalitokana na kukosa kitu kilichokuwa kikitupwa na pumba. Mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kwetu sisi Waislamu habari hii isitushangaze. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kuwa Sahaba Sahl bin Sa'd (R.A.) aliulizwa kama zama za Mtume (S.A.W.) walikuwa na chekecheke. Akaeleza kuwa Mtume hakuona chekecheke tangu alipopewa utume mpaka alipofariki. Shayiri yao ilisagwa, wakaipuliza, makapi yanayoruka yakaruka, na yaliyobaki wakayakanda wakala. Sisemi kuwa sembe ni haramu, Mwenyezi Mungu aniepushe na kuharamisha alichohalalisha. Lakini Qur'an katika Suratul Baqara aya ya 168 inataja halali pamoja na kilicho kizuri, na sisi tumezoea kuuliza la kwanza tu.

Mwezi wa kwanza nyumbani ulikuwa wa manung'uniko. Binti yangu mkubwa alisema ugali ule una rangi ya mchanga. Mume wangu hakusema kitu, ila alianza kuchelewa kurudi, na najua alikuwa anakula wapi. Nikajifunza kuwa dona inataka maji mengi kidogo na moto wa muda zaidi, na kwamba mbaazi za nazi humnyamazisha mlalamikaji yeyote. Sukari tuliipunguza nusu kijiko kila wiki. Nyumba yetu ya watu saba ilikuwa inamaliza kilo moja kwa siku tatu. Sasa kilo inafika wiki. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri kuwa vizuri zaidi sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa mtu kwa siku, yaani kama vijiko sita vya chai. Soda ya kawaida ya mililita 350 peke yake mara nyingi ina gramu 35 hivi.

Wazazi, dona ina tahadhari yake, na anayeisifu bila kuitaja hakutendeeni haki. Mahindi yasiyokaushwa vizuri huota ukungu wenye sumukuvu, na ukoboaji huondoa sehemu ya sumu hiyo, dona haiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi ya namna hiyo. Basi nunueni mahindi makavu, chagueni na kutupa yenye ukungu, tena sageni kidogo kidogo, kwani unga wa dona haukai muda mrefu, unachacha kwa yale mafuta ya kiini.

Babu bado anakunywa dawa zake, na chakula hakikuziondoa. Ila siku hizi anazikumbuka, kwa sababu analetewa na wajukuu wakati wa kula, nao wanakula pamoja naye sahani moja. Kaimati na sambusa hatukuziacha. Ramadhani tunazipika Ijumaa tu. Siku nyingine futari ni tende, maji, muhogo au magimbi, na kunde.

Limebaki la madrasa yetu. Kila Maulid tunawapanga watoto mstari, kila mmoja anapewa soda na pakiti ya biskuti, halafu mwalimu anapanda mimbari kusema juu ya Sunna. Naomba kamati ijadili jambo hili kabla ya Maulid ijayo. Wakikubali tende na sharubati ya ukwaju isiyo na sukari nyingi, ndoo mbili za kwanza nitaleta mimi, na Babu ameahidi kumenya ukwaju.

Wabillahi tawfiq.