Kitambaa kizuri juu ya ampli



Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya mbegu za viazi. Viazi vitangoja. Tangu Jumamosi ya ile ndoa watu wanatusimamisha njiani, sokoni, hata penye kuteka maji, na ulizo ni moja: je, ampli ya chama imekufa kweli? Haikufa. Iliugua sana, ikapelekwa kwa fundi Rubaya, ikarudi. Lakini kwa kuwa ilinunuliwa na pesa za MUSO, ambazo kila mmoja wetu alitoa juma kwa juma, kila mmoja ana haki ya kujua kilichotokea, hata kama sehemu ya habari inatupatisha haya sisi wenyewe tunaoandika ukurasa huu.

Wageni katika chama labda hawajui namna ile ampli inavyotusaidia. Inakodishwa kwa ndoa, kwa kilio, kwa mikutano ya shule. Pesa yake haiendi mfukoni mwa mtu, inaingia katika sanduku la jamii. Ni sanduku hilo lililotoa pesa mwaka huu wakati mwenzetu mmoja alizaa kwa kupasuliwa na mume wake alikuwa mbali. Kwa hiyo ampli ikinyamaza Jumamosi mbili, kuna mama ambaye ataambiwa angoje.

Sasa ile ndoa. Mnakumbuka jua la siku hiyo. Hema lilikuwa la plastiki, ampli ikawekwa pembeni juu ya meza ndogo. Sisi wa kamati ya mapambo tukaona ile meza ni mbaya. Tukaifunika na kitambaa cha kroshe, kile cheupe chenye maua, tukakivuta hadi juu ya ampli, tukaweka dekoda juu yake na vazi la maua juu ya dekoda. Ilipendeza. Watu walipiga picha.

Hotuba ya pili haijamalizika, sauti ikakatika. Vijana wakasema batri imekwisha. Wakaleta batri ingine, wakangoja, sauti ikarudi, wakasema: mnaona, ilikuwa batri. Haikupita nusu saa, ikakatika tena. Mara ya tatu tukasikia harufu kama ya kandambili inayoungua, na Mama Prezidenti mwenyewe akavuta waya. Baba wa bwana arusi akasema hotuba yake kwa mdomo mtupu, na kusema kweli ilikuwa hotuba fupi na nzuri kuliko zote.

Fundi alipofungua kile chombo mbele yetu alinyamaza kwanza. Ndani kulikuwa na vumbi nene kama blanketi, mende wawili wakavu, na nyuma kabisa ventilateri ndogo ambayo waya zake zilikuwa zimekatwa na kufungwa na skoshi. Akauliza kwa heshima: «Wamama, nani alifanya hivi?» Tukatazamana. Mama kesieri ndiye aliyekuwa na moyo wa kujibu. Ni sisi. Katika mkutano wa mwezi wa kwanza ile ventilateri ilikuwa inanguruma, wenye kukaa mbele walikuwa hawasikii hesabu, na tukamwambia kijana mmoja ainyamazishe. Alitii. Tangu siku ile ampli yetu ilikuwa inafanya kazi bila kupumua.

Tulimuomba fundi atufasirie polepole, naye alifanya hivyo, na tunapenda kuwapa kama tulivyopokea.

Ampli inapokea nguvu kutoka kwa batri au groupe, lakini si nguvu yote inayotoka katika bafle kama sauti. Katika ampli za kawaida, kama hii yetu, karibu nusu inageuka kuwa moto, hata wakati inafanya kazi nzuri kabisa. Ukicheza polepole, sehemu inayopotea kuwa moto ni kubwa zaidi ukilinganisha na sauti unayopata. Na hata muziki ukinyamaza, ampli ikiwa imewashwa inaendelea kupata moto kidogo. Kuna ampli za namna mpya ambazo hazipotezi sana, zinaweza kutoa hata sehemu tisa juu ya kumi kuwa sauti, na ndiyo maana ni nyepesi. Yetu ni nzito. Mnajua, mnaibeba.

Moto huo unatoka katika vipande vidogo vinavyoitwa tranzista. Vimefungwa kwenye chuma cha alumini chenye mapezi mengi kama mbavu. Mapezi yale yanafanya kazi ya kutawanya moto kwenye hewa. Hewa yenye moto inapanda juu, inatokea kwenye matundu ya kifuniko, na hewa ya baridi inaingia chini. Chombo kikiwa na nguvu nyingi, hewa haiendi haraka ya kutosha yenyewe, basi wanaweka ventilateri ya kuisukuma. Ampli nyingi za nyumbani, zile za kutazamia filme zenye bafle tano na ile kubwa ya besi, hazina ventilateri kabisa. Zinategemea matundu tu. Sasa fikirini tunachofanya tukiweka dekoda juu ya matundu, na kitambaa, na picha ya arusi.

Kukatika kwenyewe hakukuwa ugonjwa. Ndani kuna kifaa kinachopima moto. Ukipita kiasi, kinazima ampli ili isiungue. Ikipoa inarudi. Ndiyo maana tulidanganyika kwamba ni batri: wakati vijana walipokuwa wanabadilisha batri, ampli ilikuwa inapumzika. Ampli ikikatika yenyewe kisha ikarudi baada ya muda, shika mkono juu ya kifuniko kwanza. Kama huwezi kuacha mkono pale hata kidogo, usitafute batri.

Kuna mmoja wetu aliyebisha. Alisema ventilateri ni kwa watu wa Kinshasa na wa Mombasa, watu wa joto. Sisi hapa Bihambwe tunalala na blanketi mbili. Fundi alicheka lakini alimjibu vizuri. Baridi ya nje inasaidia tu ikiwa hewa inapita. Ukifunika chungu na majani ya mgomba, hakiulizi kama nje kuna ukungu. Tena vilima vyetu viko juu, karibu mita 2,000, na hewa ya juu ni nyepesi. Kwa urefu huo uzito wake umepungua karibu sehemu moja juu ya tano ukilinganisha na hewa ya kando ya bahari. Hewa nyepesi inabeba moto kidogo. Kwa hiyo ampli ileile ikifanya kazi ileile kwa hewa ya kipimo kimoja, hapa inapoa kwa shida kuliko Mombasa. Hilo hatukulitazamia. Na kuna nyumba ambamo ampli imewekwa kando ya mbabula, mtuhurumie.

Vumbi nalo ni la kwetu. Kiangazi, gari moja likipita kutoka Sake kwenda Rubaya, nyumba zote za kando ya barabara zinabadilika rangi. Vumbi hilo likikutana na moshi wa kuni linakuwa kama ugali ulioshika chungu. Linaziba matundu, linavika mapezi ya alumini, moto unabaki ndani. Mende na panya wanafurahia, maana mle ndani kuna joto na hakuna paka.

Jambo lingine ni vijana na bafle. Nyuma ya ampli kumeandikwa bafle za kiasi gani inaweza kubeba, kwa kipimo cha ohmu. Yetu imeandikwa 4 hadi 8. Bafle moja ya ohmu 8 ni sawa. Mbili za 8 zikifungwa pamoja kwenye tundu moja zinakuwa 4, bado ni sawa. Siku ya ndoa vijana walifunga nne pamoja ili watu wa mtaa wa chini nao wasikie. Hapo inakuwa 2. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo ampli inavyovutwa nguvu nyingi, na moto unaongezeka. Punda wetu alikuwa amezibwa pua na tena amepakiwa magunia manne. Tangu sasa mwenye kukodi atapewa bafle mbili kila upande, si zaidi, hata akiwa shemeji wa nani.

Fundi alibadilisha tranzista mbili na kondansateri moja iliyovimba kichwa. Hizi kondansateri kubwa zina maji ya dawa ndani, na moto unayakausha. Kuna hesabu ambayo mafundi wanaitumia: kila digrii 10 za moto unazopunguza, maisha ya kondansateri yanakuwa mara mbili. Kuna na namna ingine, ndogo kama punje ya mchele, ambayo haina maji. Hiyo wanaitengeneza na tantalamu, madini yanayotoka katika coltan, ile inayochimbwa hapo Rubaya, karibu na kibanda ambamo tulikuwa tumekaa. Zinatumiwa sana katika simu na ordinateri. Tuliomba kuiona. Fundi alitafuta katika bati la vyombo vizee, akatuwekea moja mkononi, ya rangi ya manjano. Mama mmoja ambaye mtoto wake anafanya kazi kwenye mashimo aliishika muda mrefu, kisha akairudisha bila kusema neno.

Ile ventilateri yenyewe haikuwa imeharibika. Ilikuwa na kiu. Fundi alibandua karatasi ndogo ya katikati, akatia tone moja la mafuta ya cherehani, akaizungusha na kidole, ikanyamaza kama mtoto aliyenyonya. Tone moja la mafuta ambayo tunayo katika kabati la chama, karibu na mashine tatu za kushona! Si ventilateri zote zinafunguka hivyo, zingine unabadilisha tu, na mpya ilikuwa dola 3. Matengenezo yote tulilipa dola 38, bila kuhesabu mota ya kwenda na kurudi. Mkiitia mafuta msitie ya kupikia, yanageuka gundi. Na mkinunua mpya mtazame voltaji iliyoandikwa juu yake: ya 24 ikiwekwa mahali pa 12 inazunguka kwa uvivu, au haizunguki kabisa, na mtafikiri ni nzima. Kwenye ubavu wake mara nyingi kuna mshale unaoonyesha upepo unaelekea wapi. Usipoiona inazunguka mwanzoni, usikimbilie kulia. Zingine zinangoja mpaka chombo kipate moto.

Kwa nyumbani, basi, acheni nafasi ya kiganja kizima juu ya ampli na vidole vinne kila upande. Msiiingize katika kabati lililofungwa. Dekoda ikae kando. Vitambaa vyetu vya kroshe vina mahali pengi: juu ya meza, juu ya kiti, juu ya televizyo ikiwa imezimwa. Kusafisha, tumieni brashi kavu na laini kwenye matundu kila mwezi wakati wa kiangazi, waya ukiwa umetolewa. Maji hapana, kitambaa chenye maji pia hapana. Kifuniko msikifungue wenyewe, na watoto wasisogee: kondansateri kubwa zinaweza kushika nguvu hata baada ya waya kutolewa, na zinapiga. Ukisikia harufu ya kuungua, toa waya kwanza, ulize baadaye.

Kijana aliyekata zile waya amekuja kutuomba msamaha. Tumemwambia arudi nyumbani, maana alitumwa na sisi. Kamati imeamua kwamba dola 38 hazitatoka katika sanduku la jamii. Sisi sita tuliokaa mbele katika ule mkutano wa mwezi wa kwanza tutazitoa, na wanne wamekwisha kulipa.

Ampli itajaribiwa Jumamosi hii saa nane, baada ya mkutano, mahali petu pa kila siku. Mwenye brashi laini ya rangi, hata nzee, aje nayo. Ile ndoa ya Matanda iliyoandikwa kwa tarehe 14 tumeithibitisha. Na kile kitambaa cheupe chenye maua kimefuliwa, kiko kwa mama kesieri, mwenye nacho aende akichukue. Alama ya moto upande mmoja haikutoka.