Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Wakati

Akina mama wa Lubumbashi, matumbo ya mtoto aliyezaliwa kabla ya juma la 28 la mimba ni machanga mno. Huweza kuvimba hata yakaoza. Ndiyo maana waganga wengine humpa vijidudu vyema, jamaa ya vile vigandishavyo maziwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema vyaweza kufikiriwa kwa waliozaliwa kabla ya juma la 32, mradi wanywe maziwa ya binadamu. Lakini mwaka 2023 Marekani ilionya: vilikwisha kuingia damuni mwa mtoto mmoja, naye akafa. Basi, usimlambishe mwenyewe unga ulionunuliwa dukani. Uwapo Sendwe au pengine, mwulize daktari. Nawe kamua maziwa yako tangu siku ya kwanza, hata yakiwa matone tu.